Methani ya kilimo na mifugo: Tanzania dhidi ya kundi la kipato cha kati ngazi ya chini, tunalinganishaje bila kujidanganya?

MdauWaMtumba

Mbukwenyi wadau.

Kuna taarifa fupi inatakiwa kuonyesha Tanzania ikoje kwenye methani itokanayo na kilimo na mifugo ukiilinganisha na nchi za kipato cha kati ngazi ya chini. Data nimepakua Benki ya Dunia, na nyingine FAOSTAT (hifadhidata ya FAO, Shirika la Chakula na Kilimo). Nilipokwama ni hapa:

Faili la zamani la Benki (EN.ATM.METH.AG.KT.CE) lina namba za maelfu. Jipya (EN.GHG.CH4.AG.MT.CE.AR5) lina namba za makumi. Nilidhani ni kizio tu kimebadilika, nikagawa la zamani kwa 1,000, lakini bado hazikutani.

Pili, wastani wa kundi. Nichukue asilimia ya kila nchi, nijumlishe, nigawe kwa idadi ya nchi?

Tatu, na hili ndilo linaniumiza kichwa: sehemu ya kilimo katika methani yote ya Tanzania iko juu kuliko ya kundi. Rasimu inataka kuandika "ng'ombe wetu wanachafua hewa kuliko wa wenzetu." Naona sentensi ina walakini, ila nahitaji namba za kuipinga, maneno matupu hayatasaidia.

Mwisho, kwa mifugo ya huku kwetu, ng'ombe wa asili wa Bahi, Chamwino, Kongwa mkoani Dodoma, kigezo kipi cha kilo kwa kichwa kinafaa?

---

TakwimuKwanza

Mkuu, hizo ni series mbili tofauti, kila moja na mama yake. Usijaribu kuziunga.

Ya zamani, kwa maelezo yake yenyewe, inahesabu mifugo, samadi, mpunga, uchomaji wa mabaki ya mazao *na moto wa mbugani*. Kwa nchi yenye miombo na nyika zinazoungua kila kiangazi, hicho kipengele cha mwisho si kidogo. Ya sasa inatoka EDGAR, hifadhidata ya Tume ya Ulaya, na hizo herufi AR5 mwishoni mwa msimbo zinakuambia kizidishi: tani 1 ya methani inahesabiwa kama tani 28 za hewa ukaa kwa miaka 100. Ripoti ya pili ya IPCC (jopo la kimataifa la mabadiliko ya tabianchi) ilikuwa na 21, ya nne 25, ya tano 28. Ukiwa na tani 1,000,000 za methani halisi, kwa 21 unaandika milioni 21, kwa 28 unaandika milioni 28. Theluthi nzima imeongezeka na hakuna hata ndama mmoja aliyezaliwa.

Kwa hiyo fanya hivi. Rudisha kila kitu kwenye tani za methani yenyewe kwa kugawa kwa kizidishi kilichotumika, kisha linganisha. Au tumia series mpya peke yake, uache ya zamani ipumzike.

Kupakua: api.worldbank.org/v2/country/TZA;LMC;IND/indicator/EN.GHG.CH4.AG.MT.CE.AR5?format=json&per_page=20000. LMC ndilo kundi unalolitaka. Usisahau hiyo per_page, maana bila kuiweka unapewa safu 50 tu za mwanzo, faili linaonekana zima, na miaka ya nyuma imekatika kimyakimya. Watu wengi wamechora grafu nusu kwa sababu hiyo. Idadi ya watu chukua humohumo, SP.POP.TOTL, ili nchi na kundi zigawanywe kwa kipimo kimoja.

Sasa wastani. Kugawa asilimia kwa idadi ya nchi ni kosa. Mfano wa kubuni: nchi A ina methani 50, kilimo 40, yaani 80%. Nchi B ina 1,000, kilimo 300, yaani 30%. Wastani wako utakuwa 55%. Jumla kwa jumla ni 340 kwa 1,050, yaani 32.4%. Komoro haiwezi kupewa uzito sawa na India. Jumlisha kilimo cha kundi zima, gawa kwa methani ya kundi zima. Hata ukigawa kwa watu, ni jumla kwa jumla.

Jambo lingine ambalo watu hulipita: Tanzania imo ndani ya LMC. Itoe kwanza (LMC kutoa TZA, juu na chini ya mstari), la sivyo unajilinganisha na kundi ambalo na wewe umo. Kwa Tanzania tofauti itakuwa ndogo. Kwa India ingekuwa kubwa mno.

Na kundi lenyewe halikai mahali. Benki hupanga upya madaraja kila Julai 1. Tanzania iliingia kipato cha kati ngazi ya chini Julai 2020, kwa pato la 2019 la dola 1,080 kwa mtu, wakati mstari ulikuwa dola 1,036. Indonesia ilipanda ngazi ya juu Julai 2020, ikashushwa 2021, ikapanda tena 2023. Zambia ilishushwa 2022, ikarudi 2023. Jumla za makundi huhesabiwa kwa orodha ya *sasa* hadi miaka ya nyuma kabisa. Maana yake Indonesia ikitoka, mpunga wake unatoka LMC hata kwa mwaka 1990. Anayepakua leo na aliyepakua miaka mitatu iliyopita watapata mistari miwili tofauti, na wote wako sahihi. Andika tarehe ya kupakua chini ya jedwali.

---

Kijana_wa_Makole

Kwa nini usirahisishe? FAOSTAT wana kundi la nchi zenye maendeleo duni, na Tanzania imo. Linganisha na hilo, kazi imeisha.

---

TakwimuKwanza

Hapana, mkuu. Hilo ni kundi la Umoja wa Mataifa, lina vigezo vyake vya kipato, rasilimali watu na uhimili wa uchumi. Madaraja ya kipato ni ya Benki ya Dunia na yanaangalia pato kwa mtu peke yake. Tanzania imo kote kuwili kwa wakati mmoja, India iko LMC lakini haimo kwenye maendeleo duni. Ukibadilisha kundi umebadilisha swali.

Kama unataka namba za FAOSTAT kwa kundi la Benki, liunde mwenyewe: chukua orodha ya nchi za LMC, unganisha kwa msimbo wa herufi tatu, halafu jumlisha. Usiunganishe kwa majina. FAOSTAT wameandika "United Republic of Tanzania", Benki wameandika "Tanzania", na Excel haitakupigia kelele, itakuachia seli tupu tu. Tanzania kwa M49, misimbo ya namba ya Umoja wa Mataifa, ni 834. Ukishamaliza, hesabu safu: orodha ikiwa na nchi hamsini na faili lako lina arobaini na sita, kuna nne zimedondoka njiani.

---

PembeFupi

Naingia kwenye ng'ombe, maana hapo ndipo penye uzito wote.

Mwongozo wa IPCC wa 2006, ngazi ya kwanza (kigezo kimoja cha jumla kwa kila kichwa), unaipa Afrika kilo 46 za methani kwa mwaka kwa ng'ombe wa maziwa na kilo 31 kwa ng'ombe wengine. Mbuzi 5, kondoo 5, punda 10, nguruwe 1. Hii ni ile gesi inayotengenezwa na vijidudu tumboni wakati wa kuchachua majani, na nyingi hutoka kwa kubeua mdomoni, si nyuma kama utani unavyosema.

Sensa ya Kilimo ya 2019/20 ilihesabu ng'ombe milioni 33.9, mbuzi milioni 24.5, kondoo milioni 8.5. Tuwachukulie ng'ombe wote kama "wengine" kwa urahisi:

Ng'ombe 33.9 × 31 = tani elfu 1,051
Mbuzi 24.5 × 5 = tani elfu 122.5
Kondoo 8.5 × 5 = tani elfu 42.5
Jumla karibu tani elfu 1,216 za methani. Mara 28 ni tani milioni 34 za hewa ukaa linganifu.

Samadi? Afrika ni kilo 1 tu kwa ng'ombe, mbuzi 0.17, kondoo 0.15 kwa hali ya hewa ya wastani. Ukijumlisha hazifiki tani elfu 40. Sababu ni kwamba kinyesi cha zizini na malishoni huku kinakauka, na methani inahitaji mahali pasipo na hewa. Ni mabwawa ya kinyesi cha majimaji ya mashamba makubwa ndiyo yanayotoa gesi nyingi. Kwa hiyo usipoteze kurasa kwenye samadi.

Hiyo hesabu itumie kama kipimo cha kukagua faili. Ukiona 34, uko kwenye milioni za tani linganifu. Ukiona 34,000, ni maelfu ya tani linganifu. Ukiona 1,200 na ushee, ni maelfu ya tani za methani yenyewe. Faili la kimataifa halitalingana barabara na hesabu hii, kwa sababu idadi ya mifugo wanayoitumia si lazima iwe ya sensa yetu, ila likitofautiana mara tano, kuna kizio umekosea.

Sasa kigezo. Marekebisho ya IPCC ya 2019 yaliipandisha Afrika: wastani 76 kwa wa maziwa, 52 kwa wengine. Zidisha 33.9 kwa 52 uone: tani elfu 1,763 badala ya 1,051. Ng'ombe walewale. Hivyo mtu akilinganisha Tanzania kwa mwongozo wa 2019 na kundi kwa mwongozo wa 2006 ameshatia chumvi 68% kabla hajaandika neno.

Kipi kinafaa Dodoma? Shuka ngazi ya pili uangalie anakula nini. Fomula: nishati ghafi ya chakula kwa siku (megajuli) × 0.065 × 365 ÷ 55.65. Kilo moja ya malisho makavu ina megajuli 18.45. Ukiirudisha nyuma ile 31, inatoka nishati ya megajuli 73, yaani kilo 4 za malisho makavu kwa siku. Kwa wastani wa kundi lenye ndama wengi inakubalika. Kwa zebu (ng'ombe wa asili mwenye nundu) mkubwa wa kilo 250 ni ndogo.

Mkubwa huyo masika akila 2.5% ya uzito wake, kilo 6.25, anatoa kilo 49 kwa mwaka. Kiangazi akishuka hadi 2%, kilo 5, ni kilo 39. Kwa Dodoma mvua ni kama miezi mitano, ukavu saba, kwa hiyo unapata kilo 43. Na mabua ya mtama na nyasi zilizokauka zinasagika polepole tumboni, hivyo ile 0.065 inastahili kusogea hadi 0.07, unafika karibu 47. Kwa hiyo 31 ni ya chini kwa mkubwa, 52 si ya ajabu. Mgawanyo wa umri ndio unaoamua: bila kujua ndama, mitamba, majike na madume ni wangapi, ngazi ya pili ni mapambo.

Kwa kulinganisha na kundi, tumia kigezo cha kundi (ngazi ya kwanza, mwaka mmoja wa mwongozo kwa wote). Ngazi ya pili weka pembeni kama maelezo ya hali ya nyumbani. Usiweke Tanzania ya ngazi ya pili juu ya LMC ya ngazi ya kwanza.

---

BondeLaBahi

PembeFupi kasahau mpunga, na LMC ni kundi la mpunga.

Kigezo cha msingi cha 2006 ni kilo 1.30 za methani kwa hekta kwa siku, shamba likiwa limefurika muda wote na halikuwekwa samadi wala mabua. Siku 120 ni kilo 156, sawa na ng'ombe watano wa kilo 31. Hilo ni shamba la skimu ya umwagiliaji ambayo maji hayakatiki.

Majaruba ya Bahi yanayotegemea mvua ni habari nyingine. Mpunga wa mvua unazidishwa kwa 0.28. Halafu, kwa kuwa shamba linakaa kavu zaidi ya siku 180 kabla ya msimu, zidisha tena 0.68. 1.30 × 0.28 × 0.68 × 120 = kilo 29.7 kwa hekta. Ng'ombe mmoja, basi. Wengi husahau hiyo 0.68 na wanaongeza karibu nusu bila sababu, wakati huku kati ya Mei na Novemba jaruba limepasuka kiasi cha kuingiza mguu. Mabua yakizikwa muda mfupi kabla ya kupanda, kigezo kinapanda, hivyo uliza wanayafanyia nini: wanalisha, wanachoma, au wanalimia ndani. (Skimu ikikausha mara kadhaa katikati ya msimu, badala ya kuzidisha kwa 1 unazidisha kwa 0.52.)

Ukiangalia LMC, kwa orodha ya Julai 2025 ndani yake kuna India, Bangladesh, Vietnam, Pakistan, Ufilipino, Myanmar. Ndiyo maana mstari wa kundi hauwezi kusomwa kama picha ya nchi ya wafugaji wa nyika.

---

PembeFupi

Kweli kabisa, na si mpunga tu. India kwenye sensa yake ya mifugo ya 2019 ilikuwa na nyati wa kufugwa milioni 109.85. Kigezo cha nyati ni kilo 55. Hao peke yao ni tani elfu 6,042, karibu mara tano ya ng'ombe, mbuzi na kondoo wote wa Tanzania kwenye hesabu yangu ya juu. Na bado ng'ombe wake milioni 192.49 hujawagusa.

Kwa hiyo MdauWaMtumba, weka mistari mitatu: Tanzania, LMC bila Tanzania, na LMC bila Tanzania na India. Msomaji ataona mwenyewe kundi linavutwa na nani.

---

MdauWaMtumba

Nashukuru sana wakuu. Bado ile sentensi ya "kuchafua kuliko wenzetu". Asilimia iko juu, hilo halina ubishi. Niijibu vipi?

---

TakwimuKwanza

Asilimia ina sehemu mbili, na hapo wanaangalia ya juu tu. Ya chini ni methani yote: kilimo, taka, maji machafu, makaa ya mawe, mafuta na gesi, kuni na mkaa. Nchi yenye migodi mikubwa ya makaa ya mawe kama India, au visima vya mafuta kama Nigeria, ina methani nyingi ya nishati, hivyo sehemu ya kilimo inaonekana ndogo hata kama mifugo yake ni mingi mno. Tanzania methani yake ya makaa ya mawe na gesi ni kidogo, kwa hiyo ng'ombe wanajaza bakuli. Asilimia kubwa hapa inasema zaidi kuhusu viwanda tusivyonavyo kuliko kuhusu ng'ombe tulionao.

Kiashiria cha pili kiwe kwa mtu. Hapo Tanzania inaweza kuonekana juu kwa haki, maana mifugo ni mingi kwa idadi ya watu, na usiifiche. Ila miaka ifanane. Sensa ya mifugo ni 2019/20, sensa ya watu ni 2022 (watu 61,741,120). Usigawe ya kwanza kwa ya pili ukaita "kwa mtu".

---

PembeFupi

Na kama wanataka kusema habari za "uchafuzi wa ng'ombe", basi wagawe kwa maziwa. Mwongozo uleule wa 2006 unaambatanisha kila kigezo na maziwa yaliyodhaniwa kwa ng'ombe kwa mwaka:

Afrika: kilo 46 za methani, maziwa kilo 475. Gramu 97 kwa kilo ya maziwa.
Bara dogo la India: 58 kwa 900. Gramu 64.
Ulaya Magharibi: 117 kwa 6,000. Gramu 19.5.
Amerika Kaskazini: 128 kwa 8,400. Gramu 15.

Umeona mkanganyiko? Kwa kichwa, ng'ombe wetu ndiye mwenye kigezo kidogo kuliko wote hapo. Kwa kilo ya maziwa ndiye wa juu. Sentensi ya rasimu inakuwa kweli au uongo kutegemea umegawa kwa nini, kwa hiyo ilazimishwe kutaja. Sababu iko wazi: ng'ombe wa maziwa kidogo anatumia sehemu kubwa ya chakula kujiweka hai na kutembea kwenda kisimani, na gesi ya chakula hicho yote inabebeshwa lita chache.

Tahadhari mbili. Maziwa hayo ni makadirio ya mwongozo, si vipimo vya Mpwapwa. Na ng'ombe wa Mgogo hafugwi kwa maziwa tu: kuna samadi, jembe la kukokotwa, mahari, na akiba ya kuuza mwaka wa njaa. Ukitwisha maziwa methani yote umemwonea.

Wakiuliza suluhisho, jibu liko kwenye lishe ya kiangazi. Mashudu ya alizeti hayakosekani Singida na Dodoma. Yanaongeza protini ambayo mabua hayana, maziwa yanapanda, gramu kwa kilo zinashuka. Yaliyokamuliwa kienyeji yana mafuta mengi bado, hivyo angalia mafuta yasizidi kama 6% ya malisho makavu yote, la sivyo vijidudu vya kusaga nyuzinyuzi vinadhoofika na mnyama anaacha kula mabua.

---

MdauWaMtumba

Nimeelewa. La mwisho: mwaka gani nichukue kama wa kulinganisha? Faili la methani, LMC na idadi ya watu haviishii mwaka mmoja.

---

TakwimuKwanza

Mwaka wa mwisho ambao TZA, LMC na SP.POP.TOTL zote zina namba. Usijaze pengo kwa kurudia mwaka uliotangulia. Na kwenye kichwa cha jedwali andika kwa ukamilifu: "Methani ya kilimo na mifugo, tani milioni linganifu za hewa ukaa, kizidishi 28, EDGAR kupitia Benki ya Dunia, LMC kwa orodha ya siku ya kupakua, Tanzania imetolewa." Ni kirefu, kinakula mistari miwili. Kiache hivyohivyo.